Meli Isiyosimama Kwetu

Kazi yangu ni kushauri kuhusu bandari, meli na usafiri wa maziwani, na kazi hiyo naifanyia Dodoma. Cheka tu, wenzako wote wameshacheka. Jirani yangu hapa mtaa wa Kikuyu, mama mmoja wa Kigogo mwenye mdomo kuliko mimi, siku ya mgao wa maji hunipigia kelele kutoka ng'ambo ya ukuta: "Mtaalamu wa meli! Madumu yamejaa, au unangoja bandari ifunguliwe?" Lakini wizara ziko hapa, na palipo na wizara ndipo zinapofanyika warsha, na sisi washauri waelekezi tunaishi kwa warsha. Basi lile ziwa nililozaliwa pembeni yake, Tanganyika, nikawa nalikuta kwenye majedwali tu, huku vumbi likiingia chini ya mlango.

Nililitamani, sitaki kudanganya. Nilitamani harufu ya samaki wetu wa mgebuka wakibanikwa, na ule ubaridi unaopanda kutoka majini alfajiri. Dodoma nayo ina baridi yake, ila ni kavu, inapasua midomo.

Mama yangu alikuja kwa ajili ya macho. Alipanda meli kutoka kijijini hadi Kigoma, kisha treni mpaka hapa, nami nikampeleka hospitali ya Mvumi. Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji likafunguka vizuri. La pili akaambiwa asubiri miezi michache. Akakaa kwangu. Nikimletea zabibu za Makutupora anakula zote, halafu anasema tamu, lakini si chakula. Jioni anageuza kiti barazani kielekee magharibi, huko liliko ziwa, wala hajali kwamba mbele yake kuna ukuta wa jirani.

Wakati huo nilikuwa nimekabidhi ripoti ya vituo ambavyo meli ya abiria iendelee kusimama na vile ambavyo ivipite. Jumamosi moja asubuhi mama anachambua mlenda, akaniuliza ile karatasi ninayoipenda hivyo inasema nini. Yeye hakusoma shule. Nikamsomea kwa sauti, na kichwa kimenivimba kweli kweli: vituo vyenye abiria wachache viondolewe kwenye ratiba. Nikataja cha kwanza, cha pili, na cha tatu kilikuwa kijiji chetu.

Mikono yake ikasimama. "Kwetu?"

"Abiria ni wachache, mama. Nimepitia vitabu vya tiketi za bandarini kimoja kimoja. Kwetu karibu hakuna kitu."

"Kwani kwetu kuna bandari?"

Nikaishusha ile karatasi. Kwetu hakuna gati. Meli inasimama mbali majini, mitumbwi inaikimbilia, watu wanapanda ngazi ya kamba na kuku wao na magunia ya dagaa, na tiketi wanakatiwa ndani ya meli. Kwenye vitabu vya bandarini hawamo. Hilo kila mtoto wa kwetu analijua. Mimi mwenyewe nilipanda hivyo nikienda sekondari! Wiki nzima nimekaa na vile vitabu, sikukumbuka. Angekuwa mgeni ningesema hajui. Mimi nilikuwa na sababu gani?

"Si nilikusukuma kwa mikono hii," mama akasema, "ukawa unalia unaogopa ngazi?"

"Nilisahau, mama."

"Umesahau." Akarudi kwenye mlenda wake. Bora angenigombeza.

Nilimpigia kiongozi wa timu yetu hapo hapo. "Dada, jedwali limeshapitishwa," akasema, "andika barua." Nikaandika, nikaipeleka kwa miguu yangu. Kwenye warsha nikasimama mbele ya watu nikasema nimekosea; mwenyekiti akanishukuru kwa mchango mzuri akatualika chai. Majibu ya barua yakaja: maoni yangu yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Mtu yeyote aliyekaa Dodoma anajua maana yake.

Ratiba mpya ikatangazwa kuanza mwezi unaofuata. Niliporudi kutoka kazini siku hiyo nikamkuta mama anafunga mizigo.

"Nawahi meli ambayo bado inasimama," akasema.

"Na jicho la pili?"

"Hili moja linatosha kuona kwetu."

"Sasa utarudije huku?" Maana njia ya gari haipo, milima imeshuka mpaka majini. Bila meli kuna boti za mbao tu, na mama aliapa hapandi tena tangu moja ilipozama na kaka yake.

"Sirudi. Huku kwako ni kuzuri, mwanangu, lakini mimi siwezi kufia mahali ambapo maji yanakuja Jumanne."

Nilicheka, halafu nikaenda jikoni nikalia. Nilipaswa kumsindikiza mpaka mwisho. Nilikuwa na warsha nyingine, jamani, na nikamwachia binamu yangu aliyekuja kumchukua. Nilimpandisha treni, nikasimama pale kituoni mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikamwambia hapana.

Tangu siku hiyo nyumba imekuwa kubwa. Kile kiti cha barazani sijakigeuza, na jirani siku hizi hanitanii, ananiuliza tu, "Mama hajambo?" Usiku nikifumba macho nasikia mawimbi, nikiyafumbua ni upepo kwenye mabati. Naumwa na hamu ya mama yangu, mtu mzima mimi, mwenye shahada zangu.

Juzi alipiga simu. Ili kupata mtandao lazima apande mlimani, kwa hiyo kwanza nilisikia anahema.

"Meli imepita leo," akasema. "Haikusimama. Vijana walitoa mitumbwi wakaifukuza, wamezoea. Ikawaacha na mawimbi."

"Pole, mama."

"Tumeshapoa. Ila mke wa jirani alikuwa na mtoto mgonjwa, wamerudi naye nyumbani."

Nikasema lililokuwa moyoni. "Mama, Desemba nakuja. Nakuja nikae na wewe mwezi mzima."

Nikamsikia anafurahi, kweli anafurahi, anawaambia watu waliokuwa naye kule mlimani kwamba mwanawe anakuja. Kisha akairudia simu.

"Karibu sana, mwanangu," akasema. "Utakuja na chombo gani?"