Kamati ya Kungoja Gemu la Magari

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na mtoe hivyo vidude masikioni. Siandiki ili mnionee huruma. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda inyoosheni wenyewe, ninyi mliosoma. Nataka mjue jinsi wanaume wazima wanne, wenye vyeti vya chuo ukutani, walivyomaliza kipupwe kizima wakingoja gemu.

Nimeona kungoja. Nimengoja mvua Morogoro, nimengoja mtoto atoke chumba cha upasuaji, nimengoja viza mpaka pasi ikaisha muda. Lakini kungoja kwa ibada, kwa kunong'ona na kuangalia juu, nilikuja kukushuhudia huku ughaibuni, Burnsville, kwenye besimenti, chumba cha chini ya nyumba ya mwanangu.

Gemu lenyewe ni la mbio za magari. Tena si gemu moja, ni ukoo. Kuna la kwanza, la pili, mpaka hili la sasa, na kila moja likizaliwa wanaanza kuuliza mdogo wake anakuja lini. Mwanangu alianza kulicheza kwenye kibanda karibu na soko, amevaa kaptula ya shule, mimi nikidhani yuko masomo ya ziada. Sasa ana kipara, ana mke, ana kazi ya kupima damu za watu maabara, na masomo ya ziada bado hayajaisha.

Kule chini ameweka kiti. Kiti cha gari bila gari. Kina usukani, kina pedeli tatu, kina mkanda. Nikamuuliza, "Huu mkanda wa nini, baba? Unaogopa kugongana na kabati?"

"Mama, ni ili ujisikie uko barabarani kweli."

Barabara ya kweli iko hatua kumi kutoka mlangoni. Nilipomkumbusha akaukaza mkanda.

Sasa sisi Watanzania mnatujua. Tukiwa wawili ni salamu, tukiwa watatu ni kamati. Harusi ina kamati, msiba una kamati, kipaimara cha mtoto kina kamati na kamati ndogo ya vinywaji. Kwa hiyo waliposikia fununu kwamba gemu jipya liko njiani, hawakuweza kungoja kienyeji kama watu wengine. Wakaunda kamati. Mwenyekiti alikuwa jamaa mmoja mnene anayeishi Savage, mji wa jirani, msimamizi wa ghala kule karibu na mto. Mwanangu akawa katibu. Wajumbe wawili: mmoja mfamasia, mwingine nimesahau alisomea nini, na nadhani naye amesahau.

Walikutana Jumapili baada ya kanisa, mezani petu, juu ya pilau yangu. Kulikuwa na ajenda, kwa chapa: kufungua kikao, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, matarajio ya gemu lijalo, mengineyo, kufunga kikao. Matarajio yangeandikwa kwenye barua rasmi, yenye "Yah:" iliyopigiwa mstari, na kutumwa kwa watengenezaji ng'ambo ya bahari. Hao watengenezaji bila shaka walikuwa wamekaa tu, wametulia, wakisubiri muhtasari kutoka Burnsville.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akaanza mfamasia, "mimi naomba gari likigongwa libonyee. Hili la sasa unagonga ukuta, gari linabaki jipya."

"Lako la kweli lina mlango uliobonyea tangu kiangazi," nikasema kutoka jikoni. "Halikutoshi?"

"Mama, samahani, uko nje ya utaratibu," akasema mwenyekiti.

"Niko nje ya utaratibu ndani ya jiko langu. Haya, endeleeni."

Mwenyekiti yeye alitaka theluji. Theluji inayoteleza sawasawa, inayobadilika kadiri magari yanavyoipita. Aliieleza kwa mikono miwili na macho yakamlegea. Nikachungulia dirishani. Magari yao yote manne yalikuwa yamefukiwa mpaka vioo. Mkwe wangu, mke wa huyo katibu, aliyetoka zamu ya hospitali asubuhi hiyo, alikuwa nje peke yake na beleshi, anatafuta njia ilipo.

"Hiyo theluji mnayoiombea," nikasema, "ipo. Imeshafika. Na beleshi ni hilo hilo, halihitaji betri."

Wakacheka, wakaongeza pilau.

Halafu katibu akaleta ombi lake. Alilisema kwa sauti ya chini, anaangalia karatasi. Alitaka watie ndani ya gemu saluni nyeupe ya zamani, gari dogo la abiria, ile aina ya teksi ya baba yake. "Wameweka magari ya kila tajiri," akasema, "lile halimo."

Nikaweka mwiko chini. Gari lile nalijua. Nililiosha kila asubuhi kabla marehemu hajaenda kijiweni, nikafuta usukani, nikapanga makapeti. Siku moja nilimwambia anifundishe kuliendesha. Alicheka mpaka akaegemea boneti. "Mama watoto," akasema, "gari siyo sufuria, halishikwi kwa kanga." Nikaendelea kuosha. Alipofariki, ndugu zake waliliuza kabla ya arobaini.

"Hoja imepita bila kupingwa," akasema mwenyekiti. Hata mimi sikupinga.

Sasa na mimi nilikuwa na matarajio yangu, ila hayakuwa ng'ambo. Yalikuwa Roseville. Huko kuna nyumba ya kutunzia wazee, na ndani yake alilala rafiki yangu, bibi mmoja Mkenya tuliyekaa benchi moja kanisani miaka yote niliyokaa nchi hii. Aliteleza kwenye barafu mlangoni kwake, nyonga ikavunjika. Binti yake alikuwa amepanga kumhamishia kwake Texas mwisho wa mwezi. Kabla ya kuondoka aliniomba kitu kimoja tu: uji wa ulezi, wenye ndimu. Uji wa pale, alisema, ni gundi ya kubandikia karatasi.

Kwa gari, Roseville ni mwendo wa nusu saa, unakatisha mji mzima kwenda kaskazini. Bila gari ni nchi nyingine. Na mimi leseni ya lena nilikuwa nayo kwenye pochi. Mkwe wangu alinisomea kile kitabu cha sheria za barabara mezani, ukurasa kwa ukurasa, nikafeli mtihani wa maswali mara tatu, wa nne nikapita. Ilibaki mtu mwenye leseni akae pembeni yangu nijifunze. Mkwe wangu alikuwa na zamu mbili. Hao madereva wanne mashuhuri walikuwa na ratiba ya mbio.

Mwanangu aliniahidi Jumamosi, saa nane mchana. Saa saba na nusu nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mlangoni: koti, skafu, buti, chupa ya uji mapajani. Ndipo simu yake ikalia. Watengenezaji walikuwa wanataka kusema neno, moja kwa moja, dunia nzima itazame.

"Dakika kumi tu, mama."

Nikakaa. Ndani ya lile koti jasho likaanza kunitoka. Kamati nzima ilikuwa imeshakusanyika kule chini, nikasikia, "Sasa! Sasa hivi!" halafu kimya, halafu tena, "Sasa!" Kumbe walikuwa wanatazama saa inayohesabu kurudi nyuma. Zile dakika kumi zilizaa, zikapata wajukuu. Mwishowe nikasikia ukelele, nikashuka ngazi na chupa yangu mkononi nione hilo gemu limekujaje.

Walikuwa wameonyeshwa taa ya nyuma ya gari. Taa moja. Upande mmoja. Kwenye giza. Chini yake maandishi kwamba tuendelee kusubiri.

"Ndiyo hiyo?" nikauliza.

"Mama, huelewi," akasema mwanangu, na machozi karibu. "Angalia mkunjo wake."

Walibishana juu ya ile taa ni ya gari gani mpaka mvua ya barafu ikaanza. Mwanangu alipopanda juu na funguo, barabara ilikuwa imeshakuwa kioo, na mkwe wangu akapiga simu kutoka kazini kwamba mtu yeyote asitoke. Uji niliunywa mwenyewe, umepoa, nikiwa bado nimevaa koti.

Nikampigia rafiki yangu.

"Pole, dada. Barafu."

"Ni barafu ama ni wale vijana wako wanaodrive televisheni?"

"Vyote viwili."

"Si neno. Kuonana tutaonana tu. Kama si hapa, ni kule."

"Kule wapi? Texas au mbinguni?"

"Yoyote utafika kwanza. Kwa mwendo wako naona ni mbinguni."

Akacheka, halafu akakohoa. Tiketi, akaniambia, ni ya Jumanne inayokuja. Ilibaki Jumapili moja tu, ya kesho yake.

Jumapili hiyo kamati ilikutana kwa dharura. Dharura ilikuwa taa. Sikuingilia. Niliwapakulia, nikakaa mwisho wa meza, nikaingoja ajenda yangu kama mjumbe mwenye nidhamu. Mwenyekiti alipofika kwenye mengineyo nikanyoosha mkono. Mimi ni mama wa mwenye nyumba, wangefanyaje, wakaniruhusu.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "nimesikiliza vikao vinne. Nyinyi ni madereva. Mmeshinda kwenye mvua, mmeshinda kwenye giza, mmeshinda nchi ambazo hamjafika. Ninaomba dereva mmoja akae kwenye kiti cha abiria, leo, mimi niendeshe mpaka Roseville."

Wote wakainamia sahani kama waumini siku ya michango.

"Mama, nitakupeleka mimi," akasema mwanangu.

"Kunipeleka ilikuwa jana. Leo sipelekwi."

Mfamasia akakumbuka ana zamu. Yule mwingine akakumbuka kwamba naye huwa ana kitu. Mwenyekiti akakohoa, akasema kwa ile sauti yake ya mikutano, "Hoja ya mama ni nzito na imepokelewa. Napendekeza tuunde kamati ndogo ilifanyie kazi suala hili."

"Kamati ndogo ni wewe," nikasema. "Vaa viatu."

Akavaa. Mwanangu akakaa nyuma na chupa ya uji. Barabara zilikuwa zimemwagiwa chumvi, jua linawaka kwa unafiki kama linavyowaka hapa wakati wa baridi. Sikupita barabara kuu, nilipita za ndani, taa baada ya taa. Usukani huku uko kushoto, upande ambao kwenye gari la marehemu ndiko nilikokaa mimi na kikapu. Nilikumbuka hilo tukiwa kwenye daraja la mto, nikakaza mikono.

Yule bingwa wa theluji alishika kishikio cha mlango kutoka Burnsville mpaka mwisho.

"Mama, breki. Mama! Breki, breki!"

"Nimeshakanyaga zamani. Lile mbele ni gari la mtu, siyo ukuta wako."

"Ongeza kidogo basi, wanapiga honi nyuma."

"Wapige. Ukigonga huku hakuna kuanza upya."

Nyuma alikuwepo mwanangu. Nilimwona kwenye kioo, ameikumbatia chupa kama mtoto mchanga, ananitazama kisogo.

Tulitumia saa moja na zaidi. Kupaki nilichukua nafasi mbili, na mwenyekiti alipotaka kunisahihisha nilimtazama tu.

Rafiki yangu alikuwa amekaa kitini, amefunga kitambaa chake cha kanisani, nguo zimeshapangwa kwenye sanduku. Amekuwa mdogo. Nilimmiminia uji, akanywa kikombe kizima bila kupumua, akaufuta mdomo.

"Ndimu umeweka nyingi."

"Rudisha basi."

"Nani amekuleta?"

"Nimejileta."

"Wee! Umejileta?" Akamgeukia mwenyekiti, aliyekuwa amesimama mlangoni bado hajarudiwa na rangi. "Ni ukweli?"

"Ni kweli, bibi," akasema. "Mungu ni mwema."

Rafiki yangu akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. Kisha akanishika mkono, kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Nyonga ikipona, akasema, atarudi kiangazi. Nyumba yake hajaiuza. "Lakini sitaki kuletewa mtoto wa mtu anipokee na simu mkononi. Wewe ndiyo utakuja kunichukua uwanja wa ndege. Peke yako. Sawa?"

"Sawa."

"Apa."

"Siapi, mimi ni mtu wa kanisa. Nimesema nitakuja."

Jumanne akaondoka.

Barua ya kamati ilitumwa, na saluni nyeupe imo, namba tatu. Mimi pia nilimwambia katibu aongeze ombi langu chini kabisa: kwenye gemu lijalo, kile kiti cha pembeni ambacho huwa kitupu waweke mama, aseme. Sijui kama aliliandika. Watengenezaji hawajajibu, wana taa ya pili ya kuonyesha.

Mimi mtihani wa barabarani bado sijaufanya, na kiangazi hakingoji. Kwa hiyo usiku ule wa Jumanne sikungoja kikao, nilimwagiza katibu aiite kamati. Asubuhi yake, wakiwa mezani wote, nilitoa amri, na katibu nikamwamuru aiandike kwa herufi kubwa aibandike juu ya kile kiti chenye mkanda: Gemu jipya likija, lije, litakaa kwenye boksi lake juu ya friji mpaka nipate leseni. Kila Jumamosi saa nne asubuhi theluji iwe imezolewa na wanaume, funguo ziwe mezani, na dereva mmoja wa kamati awe ameshakaa kulia kwangu, amefunga mkanda, simu imebaki ndani. Atakayesema "dakika kumi" ataosha gari.