Kofia Iliyojengwa Kichwani kwa Dada

Dada yangu hageuzi shingo. Ukimwita kutoka nyuma hugeuka mwili mzima, taratibu, kama kabati linalohamishwa na watu wawili. Mtaani wanamwita Shingo, naye amelipokea jina hilo bila ugomvi kwa sababu anajua lilikotoka. Tangu akiwa msichana alibeba mafurushi ya nguo za watu kichwani, akizipeleka kwa dobi zikiwa chafu na kuzirudisha zimekunjwa, na nguo iliyopigwa pasi haitaki mtu wa kutazama huku na huku. Siku hizi hayabebi tena. Anapiga pasi hapohapo kwa dobi, katika chumba cha nyuma kilichojaa mvuke, lakini shingo imeshazoea.

Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Ndiye aliyenipeleka kujifunza kushona viatu, akisema mtu mwenye haya kama mimi anafaa kazi ya kuinama. Alisema kweli. Wateja wangu nawajua kwa soli zao, nyuso sina haja nazo. Tatizo ni kwamba mlezi hastaafu. Nina mvi, nina mke na watoto, na bado dada akiniambia njoo, naenda. Akiniambia shika, nashika.

Mwaka jana alikuja pale kwa dobi mwanamke mmoja mbunifu wa mavazi, amebeba gunia la kola za mashati. Kola tupu, mashati hayapo. Alitaka zitiwe wanga mpaka zisimame zenyewe. Dada alimtazama kama mtu aliyeleta magazeti kupigiwa pasi, lakini kazi ni kazi. Alizitia wanga, akazipiga pasi, zikakakamaa kama magome ya mti.

Mbunifu aliporudi kuzichukua alimkuta dada anavuka ua na beseni la maji kichwani, mikono yote miwili iko hewani, anagombana na kijana wa kuanika, na maji hayatikisiki.

"Dada," mbunifu akasema, "kichwa hiki nimekitafuta miaka."

"Kilikuwa hapahapa," dada akajibu. "Ni wewe uliyekuwa unatafuta kwingine."

Basi ikaanza. Kumbe yule mama hutengeneza kofia ambazo si za jua wala mvua. Ni majengo. Kila jioni dada alikaa kwenye stuli katika chumba cha kukaushia, akazungushiwa waya kichwani, na juu ya waya zikabandikwa kola, moja juu ya nyingine kama magamba ya samaki. Sharti lilikuwa moja: asiongee, maana mtu akiongea ngozi ya kichwa hucheza na gundi inateleza. Dada asiongee! Mtu ambaye hata usingizini hutoa amri. Maneno yote aliyoyazuia kule aliyaleta kibandani kwangu yakiwa bado ya moto, nami nikayapokea huku misumari iko mdomoni.

Kofia ilipokamilika niliitwa kuiona. Ulikuwa mnara wa kola wenye urefu wa mkono, unapanda ukizunguka, halafu kileleni umeinama upande mmoja. Mimi niliona nanasi linalosikiliza mlangoni. Nikasema ni nzuri sana.

Hapo ndipo mbunifu alipotamka neno lililonitoa jasho kwa mwezi mzima. "Siku ya maonyesho kule makumbusho utaivaa wewe, dada. Nataka watu waione ikitembea."

Tulipotoka nilimwambia, "Dada, angalia usije ukavikwa kilemba cha ukoka."

"Kilemba gani? Mimi navikwa kofia."

Kuanzia siku ile nyumba yangu haikuwa yangu. Alikuja kufanyia mazoezi uani kwetu, sufuria imefunikwa kichwani, anatembea kutoka mlangoni hadi chooni na kurudi, watoto wamekatazwa kucheka. Mke wangu aliniuliza kwa upole kama sufuria hiyo ilikuwa na kazi nyingine humu ndani. Viatu vyake nilivipandisha kisigino, akasema anaonekana anakimbia. Nikakishusha, akasema amezama. Nikakipandisha tena.

Baya zaidi ni kwamba alitangaza. Mbele ya duka la dobi kuna mama muuza mboga, shoga yake wa siku nyingi na mpinzani wake wa siku nyingi zaidi. Yule mama alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Shingo na kofia ya makumbusho! Watakupitisha mlango gani?"

"Mlango wa mbele. Njoo uone kwa macho yako."

Dada akishamwambia yule mama njoo uone, hakuna kurudi nyuma. Hapo haikuwa tena habari ya kofia. Ilikuwa heshima yake mtaani.

Siku ilipofika tulifika mapema kuliko wafagiaji. Dada amevaa gauni la bluu alilolipiga pasi mpaka likaogopa kujikunja. Mlinzi, mtu mrefu mwenye viatu vya ngozi vilivyopasuka ubavuni, alituuliza tunataka nini.

"Mimi ndiye mvaaji," dada akasema.

"Mvaaji wa nini, mama?"

"Wa kofia."

Mlinzi alimtazama kichwani, hakuona kofia, akatupeleka kwenye kaunta. Kaunta wakatupeleka ofisini. Ofisini wakasema hilo ni la idara ya vitu, ghorofani. Ghorofani mlango umefungwa, wameshuka chini kupanga kofia. Tukashuka. Mimi nilitembea nyuma ya dada nikihesabu vigae, nikimwomba Mungu anifanye mwavuli au kiti, kitu chochote ambacho watu hukipita bila kukiuliza habari.

Ukumbini tulimkuta mwanamke aliyevaa glavu nyeupe. Dada akambatiza papo hapo: Mama Glavu. Alikuwa na adabu kweli, na adabu yake ndiyo iliyomaliza nguvu zetu.

"Pole, mama yangu. Kofia ikishaingia hapa haivaliwi."

"Imejengwa kichwani kwangu."

"Naelewa kabisa."

"Kama unaelewa, ilete."

"Jasho linaharibu wanga, mama. Mafuta ya nywele yanaharibu gundi."

"Jasho langu limo humo tangu mwanzo! Unadhani ilikauka kwa upepo?"

"Naelewa kabisa," akasema Mama Glavu, na hakusogea hata kidogo.

Mbunifu mwenyewe alipita mbali na kundi la wageni. "Dada! Umependeza! Nakuja sasa hivi!" Akapotea. Tukasubiri. Akapita tena upande wa pili, akapunga mkono. Wageni wakaanza kujaa, viatu vya kila aina, vingi havijawahi kukanyaga tope. Dada alisimama wima katikati ya njia, watu wakimzunguka kama nguzo ya umeme.

Mwisho mbunifu alikuja, peke yake, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatazama sakafu kama mimi.

"Dada, nisamehe. Nilikuahidi kabla sijajua. Hata mimi niliyeitengeneza siruhusiwi kuigusa bila glavu. Nilibishana nao wiki nzima."

"Na hukuniambia."

"Niliona haya."

"Haya anayo huyu," dada akasema, akininyooshea kidole bila kunigeukia. "Wewe una nini?"

Mama Glavu, akitaka kusaidia, akasema kuna kona ya watoto, na kioo, na kofia za karatasi zilizofanana kabisa na ile, mtu anaruhusiwa kuzijaribu. Akaleta moja. Kola za kuchora kwa kalamu. Dada aliipokea, akaigeuza mikononi, akaiweka kwenye kichwa changu bila kuniuliza.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni. "Shingo! Tumekuja kuona!"

Mama wa mboga amevaa viatu vya harusi, nyuma yake kijana wa kuanika na nusu ya mtaa. Akaja moja kwa moja hadi kwenye sanduku la kioo lililowekewa kofia. Ndani, ile kofia imesimamishwa juu ya ufito mwembamba mweusi wa chuma, juu kuliko kichwa cha mtu wa kawaida, taa inaiwakia.

"Mbona imevaliwa na nondo?" akauliza. "Na ndugu yako naye kavaa nini?"

Kijana wa kuanika akacheka. Nilitaka sakafu ifunguke. Nikavua ile karatasi, nikasema, "Dada, twende nyumbani." Nilisema mara mbili, mara ya pili kwa hasira kidogo, jambo ambalo sijapata kumfanyia. Nilikuwa nimechoka. Nimechoka na kaunta, na ghorofa, na naelewa kabisa, na dada, na kisigino cha dada.

Hakunisikia. Alikuwa anakitazama kioo cha sanduku. Ubavuni petu kulikuwa na dirisha kubwa, mwanga unamwangukia usoni, na uso wake ulionekana ndani ya kioo, chini ya kofia. Chini sana. Pengo kati ya paji la uso na ukingo wa kofia lilitosha kupita tikiti maji.

Akasogea mbele. Akarudi nyuma kidogo. Akasimama kwa vidole vya miguu. Kisha akavua viatu, vile vyenye kisigino nilichokipandisha mara mbili, akaniambia, "Inama."

"Dada, hapa?"

"Inama."

"Watu wote hawa?"

"Wewe fundi viatu. Chini ndiko kwenu."

Nikapiga magoti na kuweka viganja kwenye vigae vya makumbusho. Dada akapanda mgongoni kwangu, mguu mmoja, halafu wa pili, bila kushika kitu chochote. Si mwepesi. Lakini hakuyumba, naapa, kama beseni lake la maji. Kwa pembe ya jicho niliona viatu vikisogea kutoka pande zote: vya wageni, vya mtaani kwetu, na vile vya ngozi vilivyopasuka ubavuni vikija mbio.

"Mama! Shuka! Kupanda hairuhusiwi!"

"Kupanda nini?" dada akauliza. "Nimepanda sanduku lenu? Nimegusa kioo chenu? Nimempanda mdogo wangu."

Viatu vya ngozi vikasita. Nadhani alitafuta sheria inayokataza kumpanda ndugu yako, hakuipata.

Mimi kule chini sikuona kitu. Nilichokijua nilikijua kwa miguu. Viatu vya mama wa mboga vilisogea karibu na kiwiko changu, vikasimama.

"We Shingo," akasema, na sauti haikuwa tena ile ya ng'ambo ya barabara. "Imekukaa."

"Inaonekana?"

"Inaonekana yote humo kiooni. Iko kichwani kabisa. Hata ile nondo haionekani, imefichwa na pua. Hebu geuka kidogo tuone ubavu."

"Shingo haigeuki, unajua."

"Basi kaa hivyohivyo. Ndivyo ilivyotaka."

Nilisikia mbunifu akipumua kwa pua, kama mtu anayezuia kilio au kicheko, akasema, "Ndiyo hii. Ndiyo hii niliyoitengeneza." Nilisikia pia Mama Glavu akimwambia mlinzi kwa sauti ya chini amwache. Dada hakumjibu yeyote. Alinyamaza, bila gundi, bila sharti. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka siku nzima.

Lakini mgongo ni mgongo. "Dada," nikasema kwenye vigae, "ukishamaliza."

"Bado sijashiba."

"Dada, magoti."

"Nyanyua kidogo upande wa kulia. Hapo. Usipumue sana."

Foleni ikaanza kujipanga nyuma yetu, watu wakiulizana mwanamke yule anasimama wapi hasa mpaka anaivaa. Mama wa mboga akavua kiatu kimoja cha harusi, nikaona vidole vyake vyenye hina vikigusa sakafu.

"Haya, shuka sasa," akasema. "Na mimi nijaribu."

"Jaribu, shoga," dada akasema kutoka juu, akiwa hajatikisika. "Lakini tafuta mdogo wako mwenyewe."