Ma Pélagie na Skrini ya Mkurugenzi

Mimi nimechapa barua za ofisi ya maji hapa Kindu miaka ishirini na sita. Wakurugenzi sita wamenipitia, na kila mmoja alinikuta kwenye kiti kilekile, akaniambia, "Florentin, andika." Nikaandika. Leo naandika bila kutumwa na mtu, tena naandika kwa hasira, kwa hiyo anayetaka maneno ya kubembeleza atafute kwingine. Nataka kueleza habari za Pélagie Kalonda, fundi umeme wa kituo chetu, na mambo tuliyomfanyia.

Alizaliwa Tunda, upande wa Kibombo, mtoto wa mkulima wa mpunga. Baba yake aliuza mavuno ya miaka miwili ili asome ufundi hapa mjini, na ukoo mzima ukamcheka mzee: binti na nyaya za umeme, wapi na wapi. Alipopata diploma vita ilikuwa imeshaingia Kindu, na umeme wenyewe haukuwapo. Kazi aliyoipata ni kuketi mbele ya phonie, ile redio ya kupelekeana habari, nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja aitwaye Bakari.

Asiyekuwa hapa mwaka 2002 hajui phonie ilikuwa nini kwetu. Mji ulikuwa umezingirwa. Kwenda shambani mwendo wa saa moja kulikuwa ni kukitafuta kifo, na treni tulikuwa tumeshaisahau. Habari za Lubutu, za Kisangani, za Tunda, zote zilipita katika redio moja iliyotumia betri ya gari. Na kwenye redio ile husema mtu mmoja tu kwa wakati. Ukiwa umebonyeza kifungo, hata dunia nzima ikikuita husikii. Watu walijaa uani kwa Bakari tangu alfajiri. Pélagie akawapanga. Aliandika kila ujumbe kwa maneno machache, akauliza swali moja, akangoja jibu lake, ndipo akachukua la pili. Jibu halikutoka chumbani mle bila jina la aliyeuliza. Siku za mwanzo Lubutu walisema tu "mama amekufa," na wanawake watatu uani wakajitupa chini kwa kilio, kumbe aliyefiwa alikuwa mmoja. Tangu siku hiyo hakuruhusu jibu lisilo na jina, hata mwenye redio alipomhimiza.

Basi siku moja ya mwezi wa nane akaingia komanda mmoja na vijana wake wenye bunduki. Akaketi, akakamata kifungo tangu asubuhi mpaka saa saba mchana, akieleza habari za friji na magodoro yake yaliyobaki Goma. Mwenye nguvu mpishe. Watu wote walimpisha. Pélagie peke yake alimwambia, "Mukubwa, kuko wagonjwa wanangoja. Acha kifungo kidogo tusikie." Alipigwa kofi mbele ya watu. Komanda alipoondoka, Tunda walikuwa wamenyamaza. Muuguzi wa kule alikuwa ameita asubuhi nzima, akitaka daktari wa Kindu amwelekeze afanye nini na mwanamke aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua, mpaka betri yake ikaisha. Mwanamke huyo alikuwa Naomie, mdogo wake Pélagie. Habari ya kifo ilifika siku ya tano, ikiletwa na mtu aliyepita porini kwa miguu.

Alinisimulia jambo hilo mara moja tu, na hakulia. Lakini tangu wakati huo hamvumilii mtu anayeziba njia ya wote kwa sababu ya ukubwa wake. Sisi ofisini hilo tuliliita ukaidi, tena kwa maandishi.

Aliajiriwa kwetu vita ilipokwisha. Ameamsha pampu zilizolala, ametengeneza mota kwa nyaya alizotoa kwenye mota nyingine, na hakuwahi kupandishwa cheo, kwa sababu wakurugenzi hawapandishi watu wasiowasifu. Na yeye mwenyewe hanywi maji yetu. Anakaa Alunguli, ng'ambo ya mto, na bomba letu halifiki kwake. Hebu kumbukeni hilo mkisikia yanayofuata.

Mwaka jana wafadhili walileta mradi wa kisasa. Mashine zetu za kupimia ni kuukuu: moja hupima dawa, yaani klorini inayoua vijidudu, nyingine hupima uchafu wa maji, ya tatu presha ya pampu. Zote zimefungwa kwenye waya mmoja, zinajibu swali moja kwa wakati mmoja, na jibu lenyewe ni tarakimu tupu. Mradi ukaleta kisanduku cha chuma, hakizidi kitabu cha sala. Upande mmoja unaingia ule waya wa mashine, upande wa pili unaingia waya wa mtandao, ule wa Etheneti, na kompyuta yoyote iliyo kwenye mtandao inaweza kuuliza mashine kupitia humo. Kompyuta zilikuwa tatu: ya chumba cha pampu, ya mradi kule Kinshasa, na skrini kubwa kama kitanda iliyotundikwa ofisini kwa mkurugenzi, ikichora mstari wa uchafu wa maji usiotulia.

Injinia Didier, kijana wa Kinshasa, alikifunga kwa siku mbili. Mwanzoni kisanduku kilimkubali muulizaji mmoja tu, na aliyewahi ndiye aliyekamata njia. Kila asubuhi aliyewahi alikuwa mkurugenzi. Chumba cha pampu kikabaki kipofu. Pélagie akalalamika. Didier akabadilisha ili wote watatu waingie pamoja, akapiga picha, akapanda ndege. Na kwa kuwa sasa tuna skrini, mradi ukafuta oda ya vidonge vya kupimia dawa kwa mkono, vile unavyotia katika chupa ya maji: yakigeuka rangi ya waridi dawa ipo, yakibaki vilevile hakuna kitu. Vidonge vilikuwa vimebaki vinne. Aliyefuta oda hiyo ningependa kumwona uso kwa uso.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zikaanza. Jumatatu Pélagie aliingia chumba cha pampu akamkuta Abedi, mwangalizi wa mitambo, mtu mpole asiyeweza kubishana hata na mbuzi.

"Ma Pélagie, maji iko muzuri," Abedi akasema. "Chlore inapanda tu. Sasa iko moja nukta mbili. Njo maana nilipunguza dawa."

"Umepunguza mara ngapi?"

"Mara tatu, tangu juzi."

"Mvua inapiga tangu juzi, muto unachafuka, na dawa inapanda yenyewe? Nani anaitia?"

Pélagie akachukua kidonge kimoja kati ya vile vinne, akakitia katika chupa, akatikisa, akangoja. Maji yalibaki vilevile. Hayakuwa na dawa hata kidogo, na yalikuwa yakienda mjini tangu Jumamosi. Alikimbia kufungua dawa kwa mkono wake, na Abedi akakaa chini sakafuni akashika kichwa.

Kisha akaja juu kwetu, akaomba kuitazama skrini ya mkurugenzi, ambaye alikuwa ametoka. Alisimama pale na simu sikioni, Abedi akimsomea tarakimu za chini. Ofisini uchafu ulisoma moja nukta tatu. Chini Abedi akasema dawa ni moja nukta tatu. Ofisini uchafu ukasoma moja nukta nne. Abedi akasema dawa ni moja nukta nne. Mimi sikuelewa. Yeye alielewa palepale, kwa sababu alikuwa ameishi na jambo hilo kwenye phonie kabla hatujaona kompyuta.

"Papa Florentin, hii kisanduku inatupa jibu kwa kila muntu," akaniambia. "Haiangalii nani aliuliza. Directeur anauliza uchafu mara kumi kwa sekunde moja, juu mustari wake ucheze vizuri kwa ekra, ile skrini yake kubwa. Abedi anauliza dawa, anapokea jibu la Directeur. Maji ikichafuka, anaona dawa imezidi. Anapunguza."

Mjukuu wangu Princesse, mwenye miaka sita, alikuwa amelazwa tangu jana yake, anaharisha maji matupu, na dripu mkononi.

Pélagie alimpigia Didier. Didier akakiri kwamba kisanduku kina namna nyingine ya kufanya kazi: kupanga maswali kwenye foleni, kuuliza moja moja, na kumrudishia kila mtu jibu lake mwenyewe. Hakuiweka kwa sababu foleni inachelewesha, na programu ya skrini kubwa haina subira. Ikicheleweshwa kidogo inaandika kwa maandishi mekundu kwamba mawasiliano hayapo. Kuifundisha subira kulihitaji neno la siri la kampuni iliyoitengeneza, na kampuni ingejibu baada ya wiki mbili. Akamshauri asubiri, kwa sababu wafadhili walikuwa wanakuja Alhamisi kuitazama skrini hiyo.

Jumatano mkurugenzi akaitisha kikao. Nilikuwa kwenye kona, naandika.

"Ma Pélagie, wageni wanafika kesho," alisema. "Nyuma ya kesho fanya unachotaka. Kwa sasa tieni dawa kwa mukono, kama zamani."

"Directeur, kwa mukono tutajua namna gani kama imetosha? Vidonge imebaki tatu. Leo mvua, kesho mvua. Watu watakunywa kesho."

"Unasema watu, watu. Nani amegonjwa? Nitajie muntu mumoja."

Mkurugenzi alikuwa na chupa yake ya maji ya dukani mezani. Abedi alitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa na jina. Nilikuwa na jina la ukoo wangu, namba ya kitanda na rangi ya blanketi. Kalamu ilikuwa mkononi, na niliandika: "Hakuna aliyetaja mgonjwa yeyote." Hivyo ndivyo ripoti ya kikao inavyosomeka hadi leo, na sahihi yangu iko chini yake.

Saa kumi alasiri Pélagie aliketi mbele ya kompyuta ya chumba cha pampu, akaingia katika kisanduku, akachagua foleni. Kisanduku kilizima taa, kikawasha tena. Abedi akauliza dawa, akaletewa dawa. Wakatumia kidonge cha pili kuhakikisha: waridi ya chupa na tarakimu ya skrini vilikubaliana. Abedi ananiambia kwamba Pélagie alisema tu, "Hii jibu ni yetu," akachukua mfuko wake kwenda kuvuka mto.

Alhamisi wageni waliingia na kamera zao, wakasimama mbele ya skrini kubwa, na skrini ikawa nyekundu toka pembe hadi pembe. Mkurugenzi alicheka kicheko cha mtu aliyekanyaga moto. Wahenga walisema mkubwa ni jaa, hutupiwa kila taka akapokea. Huyu wetu hakutaka kupokea hata vumbi. Ijumaa asubuhi aliniita niandike demande d'explication, ile barua ya kumtaka mfanyakazi ajieleze ndani ya saa arobaini na nane.

Pélagie hakumaliza hata saa moja. Aliandika kwa mkono, kwa Kiswahili, ingawa barua za ofisi huandikwa Kifaransa: "Nilibadilisha mimi, sikutumwa na mtu. Tangu Jumamosi hadi Jumatatu tuliwapa watu maji yasiyo na dawa kwa sababu ya skrini ya ofisini. Sasa chumba cha pampu kinaona dawa ya kweli. Akitokea wa kurudisha kisanduku kama kilivyokuwa, aandike jina lake ukutani, juu ya kisanduku, ili watu wa mji wamjue."

Mkurugenzi alisoma, akapiga meza, akamwita Abedi akirudishe. Abedi, yule asiyebishana hata na mbuzi, akasema, "Chef, mimi siandike jina yangu pale." Akaitwa fundi mwingine, naye akasema hivyohivyo. Akapigiwa simu Didier, naye akasema mtandao ni mbaya, hasikii vizuri. Hakuna aliyethubutu, na kisanduku kikabaki na foleni yake. Mji unakunywa maji salama kwa sababu wanaume watatu waliogopa kuandika majina yao. Ujasiri wetu ulifika hapo tu, na sijisikii kuusifu.

Pélagie alifukuzwa kazi wiki iliyofuata, kwa kosa la kutotii na kuharibu mali ya mradi. Miaka kumi na minane ya kazi, karatasi moja. Alipokuja kuichukua hakunilaumu. Aliniuliza, "Papa Florentin, mutoto anaendelea aje?" Nikajua kwamba siku ile ya kikao alikuwa anajua habari ya Princesse, na kwamba alikuwa amesubiri niseme mwenyewe.

Mkurugenzi alikuwa ameiandika barua ile ya kumfukuza kwa mkono wake, nami nikaichapa. Kifaransa chake kilikuwa na makosa matano. Niliyasahihisha yote, moja baada ya jingine, ili barua ipendeze, nikampelekea akatia sahihi. Kisha nikaenda nyumbani. Princesse alikuwa ameshapona, anacheza uani. Aliponiona alikimbia bombani akaniletea maji, nikayanywa yote.