Sentimita Themanini na Sita

Mwahija binti Mfaume alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili ya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha mjini Lindi. Kazi yake ilikuwa kuzitafutia bidhaa vifungu vyake katika kitabu cha ushuru, na kwenye nguo hakuna aliyemfikia. Alikuwa akishika nguo anaivuta kidogo. Ikivutika na kurudi, ni ya kufuma, ina sura yake kitabuni. Ikigoma, ni ya kitambaa cha kukata na kushona, ina sura nyingine. Nguo za watoto wachanga zina kifungu chao, na hapo sheria haiulizi umri. Inauliza urefu: mtoto asiyezidi sentimita themanini na sita.

Nyumbani, mtaa wa Mtanda, aliishi na mumewe Khamisi, fundi seremala. Mimba tatu ziliharibika. Ya nne ikakaa, akazaliwa Zuwena. Kila mwisho wa mwezi Mwahija alimlaza mkekani, akampima kwa futi ya Khamisi.

"Bado wa kifungu cha wachanga wewe," alimtania, na mtoto akacheka bila kujua anachochekea.

Homa ilimshika Jumatano. Ijumaa baada ya swala wakamzika. Alikuwa na sentimita themanini na nne.

Mwahija alirudi kazini baada ya wiki tatu. Si kwamba aliitwa. Nyumba ndiyo iliyomshinda. Khamisi alikuwa halitaji tena jina la mtoto, na nguo zake alizihamisha bila kusema amezipeleka wapi.

Wiki hiyohiyo ikaja shehena ya Amiri, mfanyabiashara wa Kilwa Masoko: masweta ya kufuma, marobota sita, yote yameandikwa kuwa ya wachanga. Mwahija akafungua robota la kwanza. Kila sweta lilikuwa na namba ya urefu shingoni. Themanini. Themanini na sita. Kisha tisini na mbili, tena tisini na mbili.

"Kaka Amiri, haya makubwa hayamo. Yanakwenda kifungu cha masweta ya kawaida. Karatasi inabidi zirekebishwe."

"Dada Mwahija, Idi hiyo imefika! Sentimita sita tu. Mtoto si mtoto?"

Mwahija alikuwa ameshika sweta moja la njano. Akaitazama namba ya shingoni.

"Wangu hakufika," akasema. "Zilibaki mbili."

Amiri hakuelewa. Scholastica, mwenzake Mwahija wa meza ya pili, akamvuta pembeni akamweleza. Amiri akarudi ameinamisha kichwa.

"Nisamehe, dada. Innalillahi. Rekebisha tu, Idi itanikuta itakavyonikuta."

"Nitarekebisha," alisema Mwahija, na akayatenga masweta makubwa yote, moja moja, mpaka robota la sita, machozi yakimdondokea mikononi. Scholastica alitaka kumpokea, akakataa.

Jioni alimkuta Khamisi karakanani, anapiga randa ubao.

"Nguo za Zuwena ziko wapi?"

Randa ikasimama. "Kiswere, kwa dada yangu. Nilikuwa siwezi kuziona."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje, mke wangu? Nikilitaja jina lake tu, naona mikono yangu inakosa nguvu."

"Litaje."

Khamisi akakaa kwenye vumbi la mbao, mtu mzima na ndevu zake. Akalitaja mara moja, na ya pili haikutoka. Mwahija akakaa karibu naye. Tangu mazishi ilikuwa mara ya kwanza kulia pamoja.

Watoto wengine hawakupata. Mwahija bado yuko ofisini, na masweta, fulana na soksi zinapita mikononi mwake kama zamani. Ila shehena ikiwa na nguo za wachanga, Scholastica huinuka bila kuambiwa, akaichukua.