Meli ya Ijumaa

Kaka yangu alifanya kazi stesheni ya Tabora, kule Tanzania, na ndiye aliyetuandikia jinsi ya kumfikia. Basi la alfajiri kutoka kwetu Kebirigo hadi Kisii, basi jingine hadi Kisumu, meli ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Mwanza, kisha treni ya Jumapili. Jumatatu asubuhi mko Tabora. Mkiikosa meli hiyo, ya pili ni Jumanne, na mtafika Ijumaa. Aliandika kama mtu wa reli, bila salamu nyingi. Mama aliikunja barua ile akaitia ndani ya Biblia, na kwa miaka mitatu hakuna aliyekwenda, kwa sababu chai haijichumi yenyewe.

Siku ya Alhamisi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ikaja simu ya maandishi: kaka amelazwa, hali mbaya, njooni haraka. Mama miguu ilikuwa imevimba. Baba akanichagua mimi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza shule, naweza kusoma vibao na kusema Kiswahili. Kiswahili cha baba kilikuwa cha kununulia ng'ombe tu. Papo hapo alinituma posta kujibu: tunakuja na meli ya Ijumaa.

Kwetu Ijumaa ni siku ya maandalio. Sisi ni Wasabato na baba alikuwa mzee wa kanisa. Kabla jua halijazama chakula kimepikwa, viatu vimepakwa rangi, maji yamechotwa. Baada ya hapo mtu haanzi kazi wala safari. Baba alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Tukiwa tumepanda kabla ya jua kuzama, tutaketi tuimbe, na meli itajiendea yenyewe. Hiyo ni kupumzika.

Tukateremka Kisii tukapata basi la Kisumu. Karibu na Sondu likazama kwenye matope, na abiria wote tukashuka kusukuma, baba na koti lake la kanisani. Tulifika gatini saa kumi na moja. Nikakata tikiti za daraja la tatu, tukasimama kwenye foleni. Watu wa daraja la tatu hupanda mwisho, baada ya magunia, na magunia siku hiyo yalikuwa mengi. Saa kumi na mbili ikapita. Baba hakuwa akiitazama meli. Alikuwa akilitazama jua.

Foleni ilipoanza kusogea, jua lilikuwa limekwisha kuingia ziwani. Baba akaweka kikapu chini.

"Tata, foleni inaenda," nikamwambia. Kwetu baba huitwa Tata.

"Jua limezama," akasema.

Karani wa tikiti akapiga kelele, "Mzee, unangoja nini? Hii meli haina ndugu!"

"Sabato imeingia."

"Sabato gani na tikiti iko kwa mkono?"

Baba akamgeuzia mgongo. Mimi jibu nilikuwa nalo. Mwaka mmoja kwenye makambi ya kanisa, kilimani Nyanchwa, nilisimama mbele ya watu nikasema kwa moyo maneno ya Yesu kuhusu ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato, na ni nani asiyemtoa. Watu wakasema amina. Sasa maneno yale yalikuwa mdomoni, yote, mpaka mlango na aya. Lakini binti wa Kigusii hamfundishi baba yake Maandiko, tena mbele za watu. Kuna heshima kati ya baba na mtoto ambayo hata kwenye moto huivuki. Nikanyamaza. Ngazi ikavutwa, meli ikatoka.

Jumamosi tulisali Kisumu. Baba alimwombea kaka kwa muda mrefu, kwa sauti, huku akilia. Mimi nilihesabu mbao za dari. Hata sasa nikiulizwa nilihisi nini, nasema sikuhisi kitu, na si kwamba naficha.

Jumanne tukapanda. Ziwani watu walitapika, mimi nikala ndizi. Mwanza tukapata treni, na Ijumaa asubuhi tukafika Tabora. Hospitalini muuguzi, mama wa makamo, alipiga goti kidogo mbele ya baba. "Shikamoo, mzee."

"Mzuri," baba akajibu.

Nikamweleza sisi ni nani. Akatuketisha kwenye benchi, na hapo nikajua.

"Alikufa Jumatatu, alasiri," akasema. "Jumatano wenzake wa stesheni wakamzika. Poleni sana." Halafu, kwa wema tu, hakujua anafanya nini, akaendelea: "Jumatatu asubuhi aliomba anyolewe ndevu. Alisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, wageni wangu wanafika leo. Nikamwambia treni zinachelewa. Akasema, treni si neno, nina hofu na jua tu. Lakini mara hii baba atapanda."

Nikamtafsiria baba kila neno. Ningeweza kuruka maneno ya mwisho. Sikuyaruka.

Wenzake wa stesheni walituonyesha kaburi. Mgusii huzikwa nyumbani, penye migomba yake. Hili lilikuwa kwenye mchanga, na kijiti chenye namba. Baba alisimama bila kuomba. Rafiki ya kaka akatupa chumba tulale mpaka Jumapili. Baba akasema hapana, kuna treni jioni.

"Tata," nikasema, "leo ni Ijumaa."

"Najua ni siku gani."

Treni ilichelewa. Jua likashuka nyuma ya mabehewa ya mizigo, likazama, taa za stesheni zikawashwa. Ilipokuja, baba alitangulia kupanda, kikapu mkononi. Nikakaa mbele yake. Treni ikaondoka.

"Ule mstari wa ng'ombe shimoni," akasema. "Ule uliosema Nyanchwa."

"Ndiyo, Tata."

"Siku ile gatini, uliukumbuka?"

Ningeweza kusema hapana. Angeniamini.

"Niliukumbuka."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. "Na mimi," akasema.