Siku Niliyomrudisha Mama Mkwe wa Kavira

Sikuijua siri ya mchezo ule. Naandika hivyo mapema kabla sijabadili nia, kwa sababu kwa miaka kumi na moja nimewaapia watu wa Bwera na Kasese kwamba niliijua, na aliyethubutu kuniuliza nilimtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyesahau kalamu.

Mchezo wenyewe tuliuita Mpaka, jina ambalo watoto waliokulia Bwera, hatua chache kutoka Kongo, hawakuhitaji kuelezwa. Mmoja anakuwa afande na kuficha kanuni moja kichwani, wengine wanataja mizigo wanayovusha, naye anajibu "pita" au "rudi", mpaka mtu agundue kwa nini huyu anapita na yule anarudishwa. Aliyegundua hasemi. Anakwenda upande wa afande na kuwacheka wenzake (utamu ulikuwa hapo, na hapo ndipo nilipoponzeka).

Siku hiyo Kavira, rafiki yetu ambaye wazazi wake walitoka Butembo, alikuwa analetewa mbuzi wa mahari. Tuliwasubiri wakwe uani kwao, wali ukiwa motoni, na Masika, aliyekuwa afande wetu tangu tukiwa wasichana wa shule, akaanzisha mchezo kama zamani, na kwa nusu saa tukawa tena wasichana wenye magoti ya vumbi. Nikavusha kahawa, nikarudishwa. Nikavusha chumvi ya Katwe, nikarudishwa, halafu shangazi yake Kavira akavusha chumvi hiyohiyo akapita. Nikawaza ushuru, nikawaza vinavyooza na visivyooza, nikapekua yote niliyosomea chuo kikuu, nimesimama pale kama nguzo maana gomesi yangu, vazi la sherehe, ilikuwa mpya na sikutaka ijikunje.

"Biira, hata wewe na madigrii yako?" Masika akanicheka.

"Nimeshajua zamani," nikasema. "Nilikuwa nawaachia."

"Biira amejua!" akatangaza. "Basi wewe kuwa afande, mimi naenda kuangalia wali."

Nikawa afande. Nilipitisha niliowapenda na kurudisha waliobaki, na mambo yakaenda vizuri ajabu, mpaka mama mmoja mzee aliyekuwa amesimama mlangoni na kikapu akasogea. Nilidhani ni jirani.

"Mama, unavusha nini?"

"Maharagi," akajibu, akitazama huku na huku.

"Rudi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alitua kikapu, akatoka, akapanda bodaboda, na ndipo Kavira alipochungulia dirishani akaniuliza kwa nini mama mkwe wake anaondoka.

Wazee walivuka mpaka mara tatu kumbembeleza kule upande wa Kongo alikokimbilia, wali ukawa uji, mbuzi wakafika jua likizama, na yeye mwenyewe hakufika. Harusi ilifungwa, lakini hakuwahi kula chakula kwao Kavira. Nami kila nilipoulizwa nilijibu kwamba kanuni ni kanuni, mama alikosea, niliijua vizuri. Kumuuliza Masika kanuni ilikuwa ipi sikuweza. Ningemuulizaje kitu ninachokijua?

Wiki iliyopita mtoto wa Kavira, binti ninayempenda kama wangu, alinichagua niwe msimamizi wake wa kipaimara, na bibi yake, yule mama wa kikapu, akakataa. Nikampigia simu mwenyewe, nyumbani kwake Beni, ng'ambo ya mpaka.

"Ile siku nilikuwa kwa mulango, naangalia," mama akasema taratibu. "Wenye kuikala kwa kiti bote balipita. Wenye kusimama bote balirudi. Nikasikia banasema Biira amejua. Nikangoja unipatie kiti. Ukaniambia rudi. Nikajua munasema kwenu hakuna kiti yangu."

Miaka kumi na moja nilikuwa nikithibitisha tusi ambalo sikulitukana. Nikamtafuta yule mwanamke mwenye digrii aniokoe, sikumwona.

"Mama, sikuijua."

"Haukujua?"

"Sikujua."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilikuwa nadanganya."

Akacheka mpaka akakohoa, kisha nikamsikia akiita watu wa nyumbani kwake, viti vikiburutwa, mtoto akiulizwa namna ya kuongeza sauti ya simu.

"Rudilia," akaniambia. "Bote basikie."

Nikarudia.