Breki za Nahodha

"Mashine haitoki humu ndani," alisema Mwantum, na ungo wa mchele akaubwaga chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe, maana ungo ule alipewa na mama yake mzazi. "Kama inatoka, itoke na mimi nimekaa juu yake."

"Mama Hemedy, nimeshampa mtu kauli. Haruna anatoka Mbwera kuifuata. Saa hizi yuko njiani."

"Njia iliyomleta itamrudisha."

"Na Jumamosi niende na breki gani? Hizi hizi zilizonilaza kwenye ufuta wa Sadala?"

"Kwani lazima uende?"

Kondo aligeuza uso, akatazama kona ya ukumbi ilikosimama mashine yenyewe, mashine ya boti ya marehemu baba yake, imefunikwa kanga mpaka kichwani kama mwali anayesubiri kutolewa nje. Fundi Sixtus, ambaye ndiye aliyelileta wazo la breki mpya pale nyumbani, alikuwa amekaa kizingitini, anakunywa chai ya watu aliowagombanisha, wala hana haya.

Mwantum alimjua mumewe. Mtu akimwambia asiende, ndiyo anakwenda. Kwa hiyo hakuwa na ugomvi na mbio za magari za Jumamosi. Ugomvi wake ulikuwa ile mashine kuuzwa ili breki zinunuliwe. Shamba lake la mpunga lipo Maparoni, huko kwenye delta, na mama yake yupo huko huko, na kila msimu wa kuamia ndege ukifika, Mwantum huazima mtumbwi wa binamu, hufungwa mashine nyuma, akapelekwa kwenye dungu lake la kulindia mpunga kama malkia. Mashine ikiuzwa, atakuwa mtu wa kusimama ukingoni na kuomba lifti na furushi kichwani.

Na haikuwa mashine ya kuchezea. Mzee Abdalah, baba yake Kondo, alipokuwa hai, ikinguruma Maparoni, viboko waliinua vichwa kuitikia salamu. Mwaka mmoja mamba aliimeza propela yake ikiwa inazunguka. Basi na yeye akazunguka, akazunguka, mkia huku kichwa kule, akakausha nguo za kijiji kizima kwa upepo, halafu akaitapika na kuomba radhi. Anayebisha akamuulize mamba, bado yupo, ana kizunguzungu mpaka leo.

Kondo alikulia juu ya mashine hiyo. Kabla hajaota ndevu alikuwa nahodha, anapita kwenye mikono ya mto akibeba walimu wageni, wauguzi, magunia ya mpunga na matenga ya kaa. Walimu kutoka bara walipanda chombo chake wamefumba macho, wakashuka wameyafumba vile vile, lakini walishuka salama. Baba yake alimfundisha kwa maneno machache: "Mashine ni ya kwenda. Kufika ni akili." Mtu anayeingia dikoni, pale mitumbwi inapoegeshwa, mashine inaunguruma ni mshamba, atavunja mitumbwi ya wenzake na kuwarushia maji akina mama wanaoosha samaki. Kondo yeye alizima mbali, akaliacha boti liteleze lenyewe mpaka libusu gogo. Ungeweka yai juu ya gogo lile, lisingepata hata ufa.

Mwantum alimpendea hilo. Wanaume wengi walikuja kwao kwa kelele. Huyu alikuwa anafika kimya, unageuka unamkuta.

Sasa gari. Gari lililetwa na Deusdedit, mnunuzi wa kaa, mtu wa huko Kagera aliyekuja delta na viatu vya kung'aa. Alikuwa na gari jekundu la mbio, milango miwili tu, chini mno, hata kuku akitaka kupita chini yake huinamisha shingo. Gari la namna hiyo litampeleka wapi mtu wa kaa? Kaa wako kwenye tope. Akalitamani boti la Kondo, na Kondo akalitamani gari. Wakabadilishana. Kondo akampa boti tupu, mashine akabaki nayo, akahamisha familia Ikwiriri kwenye lami.

Watu walisema kachanganyikiwa. Lakini gari likapata kazi yake: maharusi. Kutoka Ikwiriri mpaka Kibiti hakuna bibi harusi aliyetaka kupelekwa na gari jingine. Anakunjwa kama mkeka, anaingizwa, analetwa mpaka mlangoni kwa mumewe, na gari linaingia uani kimya, halisikiki, wapigaji ngoma wanashtukia tu limefika. Majirani walisema Kondo anabania petroli. Mwantum alijua ndivyo alivyo.

Halafu vijana wa Dar wakaligundua lile zunguko la lami huko kichakani, lililoachwa na wajenzi wa barabara. Wakaanza kuja na magari yao siku za Jumamosi, wanazunguka moja baada ya jingine, wanaangalia nani mwepesi. Wakaliona gari la Kondo. "Mshua, hilo chuma unalipakia mabibi harusi? Ni dhambi hiyo!" Kondo akaingia uwanjani na kanzu yake. Kwenye sehemu iliyonyooka akawaacha wote, hata wenyewe walikiri. Lakini ilipofika kona ya mwisho, pale ufuta wa Sadala uliposimama mrefu pembeni kama mikoko, gari halikukata kona. Lilikwenda moja kwa moja, likaingia shambani, likatulia katikati. Ufuta ulikuwa umekauka. Maganda yote yakapasuka. Kondo alitoka mweupe mpaka kwenye kope, na tangu siku hiyo akipiga chafya, kuku wa jirani huja mbio.

Vijana wakambandika jina: Mkulima. Na hilo jina ndilo lililokuwa linamla.

"Niambie tena hizo breki zenyewe," Mwantum alimgeukia fundi. "Polepole. Mimi sikusoma, lakini nina masikio."

Sixtus akaweka kikombe chini. "Shemeji, iko hivi. Gari hili lina diski ndogo za kiwandani. Kwa barabarani zinatosha. Kwenye mbio unakanyaga, unakanyaga tena, zinapata moto. Maji ya breki yakizeeka huchemka, mguu unazama. Kwa hiyo tunatoa diski ndogo, tunaweka kubwa, na pedi ngumu za mbio. Nina mtu Dar anazo."

"Na hizo pedi za mbio zinashika vizuri barabarani?"

Sixtus akakuna shingo. "Zikipata moto."

"Zikiwa baridi?"

"Zikiwa baridi... zinachelewa kidogo."

"Barabara ya Kibiti ina mbuzi, fundi. Mbuzi anasubiri pedi ipate moto?"

Kondo akacheka kwa shida, akajikaza. "Mbuzi mwachie mimi. Mama Hemedy, wewe hukuwemo garini. Breki zilikuwa jiwe! Mguu wa kwanza umeingia vizuri, wa pili jiwe, wa tatu jiwe. Usukani nao jiwe. Ningefanya nini?"

"Na usukani tutautazama baadaye," Sixtus alidakia, jicho limeng'aa. "Kuna mtu mwingine Dar—"

"Subiri, fundi," alisema Mwantum. "Umesema mguu unazama. Yeye anasema jiwe. Jiwe linazama?"

Fundi ni fundi, hata akiwa na njaa ya kazi. "Hapana," alisema. "Yakichemka, mguu unazama mpaka chini. Hauwi jiwe."

"Basi ilikuwaje, Baba Hemedy? Tuonyeshe."

"Nionyeshe vipi? Gari liko nje."

Mwantum akauokota ungo, akaupukusa chenga, akamkabidhi. "Usukani huo. Kaa hapo juu ya mashine. Endesha."

Kondo alitazama ungo, akamtazama mkewe. Kukataa kungekuwa aibu kubwa kuliko kukubali. Akakaa juu ya mashine ya baba yake, kanga na yote, akaushika ungo kwa mikono miwili, akaanza. Alipoanza hakujizuia. Alinguruma kwa mdomo, akabadilisha gia hewani, akawapita vijana wa Dar mmoja mmoja kwa majina, akawatukana kidogo. Jogoo aliyekuwa mlangoni akapisha njia.

"Sasa hii ndiyo nyoofu, nimewaacha! Kona ile inakuja, ufuta huu hapa kushoto, mrefu, sioni mbele. Nakanyaga breki—"

Akakanyaga sakafu. Na mkono wake wa kulia ukauacha ungo, ukashuka, ukazungusha kitu hewani kidogo tu, kama mtu anayezima kibatari.

Mngurumo wa mdomoni nao ukakatika.

"Nakanyaga tena, jiwe! Nakata kona, jiwe!"

"Simama hapo hapo," alisema Mwantum.

"Nimeshaingia kwenye ufuta."

"Rudi kwenye lami. Mkono wako huo umefanya nini?"

"Upi?"

"Wa kulia, Baba Hemedy. Ulioachia ungo."

Kondo akautazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemwazima. "Ah. Nimezima."

Sixtus akasimama. "Umezima nini?"

"Mashine. Si kona? Sioni mbele. Nazima nisikilize."

"Usikilize nini?"

"Kama kuna chombo kinakuja upande wa pili."

Sixtus akaanza kutikisika kwa kicheko. Alishika mlango, akashika kichwa, chozi likamtoka. "Bwana Kondo! Ule ni uwanja wa mbio! Wote mnazunguka upande mmoja! Nani aje mbele yako?"

"Unajuaje? Maparoni, kona ya mikoko usipozima, utaingiana na mtu na mbao zake. Nani asiyezima?"

"Ile ni injini ya gari! Ndiyo inayousaidia mguu wako kusukuma breki. Ukiizima, msaada unabaki wa kukanyaga mara moja, basi, baada ya hapo unasukuma peke yako. Na usukani ndiyo huo huo inaousaidia." Sixtus alifuta macho. "Hata ukaweka breki za treni, ukizima utalala kwenye ufuta."

Mwantum hakucheka. Alimwona mumewe akishusha ungo magotini, uso umemvimba kama anatafuta mtu wa kumlaumu na hamwoni. Alimjua. Kicheko kimoja tu, na mashine ingeuzwa kwa hasira.

"Baba yako angefurahi," alimwambia kwa upole. "Mkono wake umeuhifadhi vizuri. Kosa lako ni kuupeleka kwenye lami."

Kondo akaipapasa kanga, akaifunua kidogo, akaona chuma cheusi chenye mikwaruzo ya meno ya mamba.

"Fundi," alisema hatimaye, "nisipozima, hizi breki zilizopo zinanitosha Jumamosi?"

Sixtus alishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu anayeaga pilau kabla halijapakuliwa. "Kwa mizunguko michache ya zunguko lile, zinatosha. Tubadilishe maji ya breki, yale ni ya tangu enzi za Deusdedit. Tuweke pedi mpya, nzuri za kawaida. Halafu kila mizunguko kadhaa lipumzishe lipoe. Diski kubwa ni za vijana wa Dar, wana baba zao wa kulipa."

"Hela ya pedi na maji inatoka kwenye harusi ya Ijumaa," alisema Mwantum haraka.

"Na huo mkono?" Sixtus aliuliza. "Mkono nao tunaufanyaje? Huo sina spea yake."

"Nitaufunga kwenye usukani kwa kitambaa cha bibi harusi," alisema Kondo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka mwenyewe, chafya ikamshika, na kweli, kuku wa jirani wakachungulia mlangoni.

Lakini kicheko hakikukaa. Uso wake ukaingia kivuli tena.

"Kauli niliyompa Haruna, Mama Hemedy. Mtu katoka Mbwera. Kavuka maji, kapanda pikipiki. Nimwambie nini? Siuzi kwa sababu nilizima gari kusikiliza mitumbwi kichakani? Habari itafika Mbwera kabla yake. Watanicheka mpaka samaki."

"Mwambie hivyo hivyo. Haruna ni mtoto wa maji, atakuelewa."

"Hataelewa. Siku hizi Haruna ni mtu wa pikipiki."

"Atakuelewa, na nitampa kuku aondoke naye."

"Kuku na mashine ni kitu kimoja?"

"Bwana Kondo," Sixtus akaingilia, "mwambie mimi ndiye niliyekudanganya, nibebeshe mimi, watu wa pwani mmezoea kutubebesha sisi wa bara—"

"Shh," alisema Mwantum.

Pikipiki ilikuwa inakuja mtaani. Waliisikia inapita msikitini, inapita kwa muuza maandazi, inanguruma kwa nguvu za mtu mwenye haraka. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya kona, na kwenye kona palikuwa na ukuta mrefu wa makuti usioruhusu kuona mbele.

Kabla ya kona, mngurumo ukakatika.

Kimya. Halafu tairi zikasikika zikiteleza taratibu juu ya mchanga, polepole, polepole, mpaka zikagusa baraza bila kishindo.

Sixtus alimtazama Kondo. Kondo alimtazama mkewe. Mwantum alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yanamcheza.

"Umeona?" Kondo alinong'ona. "Umeona, fundi? Nani asiye—"

"Hodi wenyewe!" alisema Haruna, akainama mlangoni na mpira wa kufungia mzigo begani, akasimama. Mbele yake Mwantum na Sixtus wanamtazama, na Kondo amekaa juu ya mashine aliyoifuata, ungo mkononi, wala hainuki kuitoa.